Matunda ya Ukutani

Sikuzani alikuwa mzaliwa wa Minago, binti wa mkamua mawese, na alipoolewa Rumonge hakuiacha kazi ya mama yake. Wadachi walikuwa wamekwisha kuishika nchi, askari wao wakipita ufukweni kudai kodi, lakini mawese yalikamuliwa vilevile kama zamani: machikichi yanachemshwa, yanatwangwa kinuni, yanakandwa kwenye maji ya moto mpaka mafuta yaelee, kisha yanaenguliwa polepole kwa kibuyu. Sikuzani alikuwa na mkono mwepesi wa kuengua. Mafuta yake hayakuwa na maji ndani wala harufu ya kuungua. Mumewe, Alimasi, aliyapakia mtumbwini akayapeleka Ujiji, na akirudi huleta chumvi ya Uvinza, kaniki, na habari za watu.

Alimasi alipenda kusema, na macho yake yalikuwa makali. Mtumbwi ukiwa bado mbali, mdogo kama punje ya mtama juu ya maji, yeye hukuambia ni wa nani na umebeba nini. Hakuogopa mawimbi wala askari. Alichokiogopa ni ugonjwa wa malale. Kaka yake, Asmani, alikufa kwa ugonjwa huo. Kwanza alianza kusinzia na tonge mdomoni. Baadaye akawa anawapiga wanawe bila sababu, hata ikabidi afungwe kamba kwenye nguzo ya nyumba yake mwenyewe. Aliyemfunga alikuwa Alimasi. Habari hiyo hakupenda kuisimulia, lakini Sikuzani alikuwapo, aliiona.

Siku moja, baada ya safari ya Ujiji, Sikuzani alikuwa akimnyoa mumewe nywele. Wembe ulipofika kisogoni vidole vyake viligusa vijivimbe viwili vitatu chini ya ngozi, vigumu kidogo, vinateleza. Alisita. Alimasi naye alijua ni dalili ya malale, kwa maana alikuwa amevigusa mwenyewe tangu njiani, na kichwa kilikuwa kikimuuma kila jioni. Sikuzani alimaliza kunyoa, akamwosha kichwa kwa maji ya uvuguvugu, akatupa nywele.

Wakati huo serikali ilikuwa imejenga kambi ya wagonjwa wa malale kusini ya Rumonge, juu kidogo ya ufuko, mahali palipokatwa miti na vichaka vyote ili mbung'o, nzi wanaoeneza ugonjwa huo, wasipate kivuli. Watu wengi waliikimbia. Walisema anayeingia mule hutolewa amebebwa. Wengine walijificha milimani, upande wa Bugarama, mpaka askari wawatafute. Alimasi hakungoja kutafutwa. Alimpeleka binti yao, Mwasiti, kwa bibi yake Minago, akafunga mkeka wake, akaenda kwa miguu yake mwenyewe, Sikuzani nyuma yake na chungu kichwani. Kila mgonjwa alitakiwa awe na mtu wa kumpikia.

Daktari alikuwa Mdachi mrefu, mkimya, ambaye wagonjwa walimwita Bwana Sindano. Msaidizi wake alikuwa Abasi, mtu wa Ujiji, mwenye kanzu safi na sauti ya upole. Abasi alijua Kiswahili, Kirundi, na Kidachi cha kumtosha kuelewa anapoitwa. Nyumba ya sindano ilikuwa na baraza pana na ukuta mweupe wa chokaa, na katikati ya ukuta huo ilining'inia picha.

Sikuzani aliiona siku ya kwanza, na alidhani ni dirisha. Alidhani Bwana amepasua ukuta, na kule ndani kuna meza imeandaliwa. Juu ya meza kulikuwa na kitambaa cheupe kilichokunjika pembeni, na sahani ya matunda mekundu yenye malaika laini kama shavu la mtoto. Palikuwa na limau lililomenywa nusu, ganda lake likining'inia nje ya meza kama utepe. Palikuwa na kisu, mpini umetokeza mbele kana kwamba unamwambia mtu aushike. Palikuwa na tunda lililopasuka, lina mbegu nyekundu ndani, na kichala cha vitunda vyeusi vinavyong'aa. Na juu ya tunda mojawapo la sahanini alikuwa ametua nzi.

Abasi aliwaeleza wagonjwa habari zake. Picha ile iliandikwa kwa rangi na Mfaransa mmoja, zamani za babu yake Bwana. Mama yake Bwana alikuwa mtu wa upande wa Ufaransa, na mwanawe alipokuwa anasafiri kuja huku akampa picha hiyo aende nayo. Kwanza aliitundika chumbani kwake. Akaja kuitoa nje kwa sababu ya dawa.

Dawa ile ya sindano ilikuwa na ila. Wengi iliwaondolea usingizi, wakanenepa, wakacheka tena. Lakini baadhi yao iliwatia ukungu machoni, na ukungu ukishaingia haukutoka. Bwana alihitaji kujua mapema nani macho yake yameanza kuguswa. Alikuwa na karatasi ya herufi za kwao, lakini herufi zile hakuna aliyezijua. Basi akaitundika picha barazani, akalaza gogo uani, na kila mgonjwa kabla ya sindano alisimama nyuma ya gogo na kusema anaona nini. Anayemwona nzi, macho yake ni mazima. Asiyemwona, sindano yake inasimamishwa.

Wagonjwa walicheka kuhusu nzi yule. Walisema Bwana amewakatia vichaka vyao vyote kufukuza mbung'o, halafu mbung'o wake mwenyewe amemtundika ukutani. Abasi aliwahakikishia kwamba ni nzi wa kawaida tu, wa jikoni.

Majina ya matunda yalileta mabishano. Lile lililopasuka Alimasi alilijua mara moja: komamanga. Alikuwa amelila Ujiji, uani kwa Mwarabu mmoja. Vile vitunda vyeusi Abasi alisema ni zabibu, na Sikuzani hakukubali, kwa sababu zabibu alizozijua yeye zilikuwa vitu vilivyosinyaa, vyenye rangi ya ardhi, vinavyotiwa kwenye wali wa harusi. Hakuwahi kufikiri kwamba zinazaliwa na maji ndani. Yale mekundu yenye malaika hakuna aliyekuwa na jina lake, hata Abasi. Mwishowe kambi nzima ikayaita mashavu.

Alimasi alipata nafuu. Kichwa kiliacha kuuma, mwili ukarudi, na maneno yake yakarudi pia. Akisimama nyuma ya gogo hakuridhika kutaja matunda tu. Alimweleza Abasi kwamba mwenye meza ile si mfanyabiashara, kwa sababu hakuna mfanyabiashara anayepasua komamanga kabla ya mnunuzi kufika. Abasi alimtafsiria Bwana, na Bwana akatabasamu, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi.

Jirani yao kambini alikuwa Mzee Kassimu, mvuvi wa Kabonga, mpole, asiye na mtu isipokuwa mjukuu wa kike aliyempikia. Asubuhi moja Mzee Kassimu alisimama nyuma ya gogo akasema kweli, kwamba haoni ila kitambaa cheupe. Bwana akasimamisha sindano yake siku hiyohiyo. Mwezi wa pili baada ya hapo mzee akaanza kusinzia kwenye jua. Mvua za kwanza ziliponyesha hakuwa akilala tena kama watu wanavyolala; alikuwa ameanguka ndani ya usingizi, na mjukuu wake akimlisha uji kwa kidole. Walimzika nyuma ya kambi, Alimasi akiwa miongoni mwa waliochukua jeneza. Aliporudi alinawa mikono muda mrefu.

Siku chache baada ya maziko, wakila ugali wa muhogo na ndagala, dagaa wa ziwani, Alimasi alisema kwa sauti yake ya kawaida, "Mama Mwasiti, yule nzi ameruka."

Sikuzani alicheka, akijua ni mzaha wake. Kesho yake alipita barazani akitoka kisimani, akaweka mtungi chini, akatazama. Nzi alikuwa palepale, juu ya shavu la kushoto, mabawa yake yamekunjwa. Alisimama hapo mpaka Abasi akamuuliza kama anahitaji kitu. Alirudi kibandani, akakaa karibu na mumewe.

"Yupo," alimwambia.

Alimasi alikuwa akisokota kamba ya magome, na vidole vyake viliendelea na kazi. Kisha akasema, "Niambie amekaa wapi."

Ndivyo walivyoanza. Sikuzani alitandaza kipande cha kaniki chini akakipanga kama ile meza. Kifuniko cha chungu kikawa sahani. Mawe laini ya ziwani yakawa mashavu. Kwa zabibu alitumia machikichi, na ganda la limau likawa ugwe uliolegea. Alimshika mumewe mkono, akamtembeza juu ya kila kitu kutoka kushoto kwenda kulia, akimwambia rangi yake na kivuli chake kinaangukia wapi. Alimasi alikariri kama watoto wanavyokariri Kurani chuoni, akirudia mpaka yashike. Na aliposimama nyuma ya gogo aliyasema yote bila kukosea, na mizaha yake juu. Bwana alikuwa na wagonjwa wengi na uso uliochoka. Aliandika kwenye karatasi zake bila kuinua kichwa. Sindano ikaendelea.

Kwa ajili ya kazi hiyo Sikuzani alilazimika kuitazama picha kuliko mtu yeyote pale kambini. Mwanzo aliitazama kwa haraka, kama mwizi. Baadaye alianza kusimama. Hakuwa na mawese ya kuengua wala soko la kwenda, na macho yake, yaliyozoea kungoja mafuta yaelee, yalijua kungoja. Aliona zabibu moja imeanza kuoza upande wa chini. Aliona doa dogo kwenye kitambaa. Aliona kwamba mwanga wote unatoka upande mmoja, wa asubuhi, na kwamba mtu aliyemenya limau aliacha kazi katikati, labda ameitwa. Alijiuliza mmenyaji huyo ni mke wa nani katika nyumba hiyo, na kwa nini hakurudi. Mengine alimsimulia Alimasi, mengine aliyaweka.

Lakini ukungu ulizidi. Alimasi alijikwaa kwenye mafiga aliyokuwa akiyapita kila siku. Alimimina uji pembeni ya bakuli. Sikuzani akimwita kutoka mbali aligeuza sikio, si uso. Mwishowe Sikuzani alimwomba aache. Alimwomba aende kwa Abasi, aseme, sindano isimame angali na macho ya kumwonea njia.

Alimasi alimsikiliza mpaka mwisho. "Nikipofuka nitakuwa Alimasi kipofu," alisema. "Nikilala nitakuwa Asmani. Wewe ulimwona Asmani."

Kweli Sikuzani alimwona. Akaendelea kupanga mawe juu ya kaniki, ila sasa alipanga kimya, na aliposhika mkono wa mumewe aliushika kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Kisha usiku mmoja ilinyesha mvua kubwa yenye upepo wa ziwani, na paa la nyumba ya sindano likavuja. Asubuhi jua lilitoka safi. Alimasi alipenda kuwa wa kwanza, kabla watu hawajajaa, kwa hiyo walitoka mapema, Sikuzani amemshika kiwiko kama kawaida yao, kwa namna ambayo mtu wa mbali angedhani ni mke anayemwegemea mumewe. Walipovuka ua, Sikuzani aliinua macho, akaona ukuta. Ulikuwa mweupe. Palikuwa na msumari, na alama ya maji iliyoteremka, basi. Picha haikuwapo.

Bwana alikuwa amekaa mezani pake akipanga vyombo, amewapa mgongo. Abasi hakuonekana. Hatua chache zilibaki kufika kwenye gogo. Sikuzani angeweza kumvuta mumewe nguo. Angeweza kukohoa, angeweza kusema kwa sauti kwamba leo picha imeondolewa, kama mtu anayeshangaa tu. Alimfikiria Mzee Kassimu, mdomo wazi juani. Alifikiria na ule uji uliomwagika pembeni ya bakuli. Mguu wa Alimasi uligusa gogo, ukalitambua, ukasimama. Sikuzani aliondoa mkono wake kwenye kiwiko chake, akarudi nyuma hatua moja.

Kiti cha Bwana kililia sakafuni. Aliposikia hivyo Alimasi alijua ni wakati, akaanza. Alitaja kitambaa cheupe na pindo lake. Alitaja sahani, mashavu, limau na utepe wa ganda lake, kisu kilichotokeza mpini. Aliongeza kwamba zile zabibu zisipoliwa leo zitaoza. Sauti yake ilikuwa nzuri, ya mtu anayeuza. "Na nzi wetu," alimaliza, "amekaa palepale, shavu la kushoto. Hajaondoka."

Bwana alikuwa amegeuka. Kalamu ilikuwa mkononi mwake, haiandiki. Aliutazama ukuta, akamtazama Alimasi, akateremka barazani, akapitisha kiganja mbele ya uso wake mara mbili. Alimasi hakupepesa. Abasi alitoka nyumbani kwa Bwana, kitambaa cha kukaushia mkononi, akaona yote kwa mara moja.

"Picha iko ndani, Bwana Alimasi," alisema taratibu. "Imelowa. Naikausha."

Alimasi alifunga mdomo. Uso wake haukubadilika sana, ila mikono ilishuka ikaning'inia.

"Tangu lini hapana ona?" Bwana aliuliza.

Aliyejibu ni Sikuzani. Alisema tangu mvua za kwanza.

Bwana hakukasirika, au kama alikasirika hakuonyesha. Kupitia Abasi alieleza kwamba sindano imekwisha leo, na kwamba kama ingeendelea hata mwanga ungeondoka. Sasa labda mwanga utabaki. Alitoa tone la damu kidoleni kwa Alimasi akalitazama kwenye chombo chake muda mrefu. Hakuona wadudu wa malale. Hilo, alisema, ni jambo jema, lakini si ahadi. Wakae kambini, wangoje.

Walirudi kibandani, Alimasi akitangulia peke yake, mikono mbele. Siku zilizofuata hakusema na mkewe. Maji aliomba kwa jirani. Mchana kutwa alisokota kamba kwa bidii ya kutisha, akijichoma kwa mwiba pale kichwa kilipoinama, kwa kuogopa kusinzia. Sikuzani alipika, akaweka chakula mahali ambapo mkono wake utakifikia, akakaa kando. Aliusubiri usingizi ule kama mtu anayesubiri mgeni asiyemtaka; kila alipomwona mumewe amenyamaza sana, aliinuka akaenda kumtazama.

Alasiri moja, mvua zikielekea mwisho, Alimasi aliacha kamba.

"Ukutani palikuwa patupu," alisema.

"Palikuwa patupu."

"Na wewe ukaona."

"Niliona kabla hatujafika kwenye gogo."

Upande wa ziwani wavuvi walikuwa wakipigiana kelele, siku hiyo serikali imewaruhusu kutoka na mitumbwi waliyozuiwa kwa ajili ya malale. "Ungenivuta nguo," alisema Alimasi.

"Ningeweza."

Hakumuuliza kwa nini, naye Sikuzani hakueleza, maana hata yeye hakuwa na uhakika kama angeweza kulieleza. Baada ya kitambo Alimasi alisema ana kiu. Alisema akielekeza uso upande aliokaa mkewe, na Sikuzani aliinuka akamletea maji.

Usingizi haukuja. Mahindi yalikomaa, na vijivimbe vya kisogoni vikalainika vikapotea. Bwana alimpima damu tena na tena, kisha akawapa ruhusa ya kurudi kwao. Siku ya kuondoka Alimasi alimshukuru kwa Kiswahili na Kirundi, na Abasi akawasindikiza mpaka njiani. Mwanga ulikuwa umebaki: Alimasi alijua mchana na usiku, alijua mtu akisimama mlangoni, ila hakujua ni nani mpaka aseme.

Rumonge hawakuikuta nyumba yao. Serikali ilikuwa imewahamisha watu wote waliokaa karibu na mto, penye mbung'o wengi. Walijenga nyingine juu zaidi, kwenye mteremko, wakamrudisha Mwasiti kutoka Minago, amerefuka, anamwonea baba yake haya. Sikuzani akarudi kwenye kinu na chungu chake. Alimasi alisokota kamba za wavuvi, na wateja wa mawese walipokuja kupunguza bei yeye ndiye aliyebishana nao, kwa sababu mdomo wake haukuwa na ugonjwa wowote.

Mtumbwi ulibaki bila mwenyewe. Mwaka mzima waliwapa watu wengine mafuta yao wayauze, na mwaka mzima watu hao walirudi na visingizio. Mwishowe Sikuzani alisema atakwenda Ujiji mwenyewe. Wanawake wa pale hawakuwa na desturi hiyo, na yalisemwa mengi. Alimasi hakukataa. Alimkalisha akamfundisha: mahali penye mawe yaliyojificha, saa ambayo upepo unageuka, nani Kabonga anapunguza kipimo cha chumvi kwa kidole gumba. Alisema mengi mpaka Sikuzani akamwambia yatosha, asije akasahau yote.

Alikwenda na wapiga kasia wawili, akarudi salama, miguu imevimba kwa kukaa. Alimkuta mumewe ameketi nje, Mwasiti pembeni anachambua sombe, majani ya muhogo. Kabla hajatua mizigo Alimasi aliuliza kama yule wa Kabonga bado anatia kidole gumba kwenye kipimo.

"Anatia," alisema Sikuzani. "Nikamwambia atoe."

"Akatoa?"

"Alitoa, akanuna."

Alimasi alicheka kwa mara ya kwanza tangu kambini, kicheko chake kile cha zamani cha kifuani, akamtaka aanze tangu mwanzo, nani alikuwapo, mtumbwi wa nani ulikuwa umefungwa wapi, umebeba nini. Sikuzani alikaa chini, akanyoosha miguu, akamwambia Mwasiti aweke chungu motoni. Kisha akaanza kusimulia.